Shukrani kwa dere wa tuktuk wa Kondele, Kisumu

Jamani nisaidieni kumshukuru yule dere wa tuktuk, jina hatukushika. Stima ilipotea tukiwa katikati ya mchezo wetu wa jukwaani wa Tom Mboya, yule mwanasiasa wetu wa zamani, pale anabishana na Martin Luther King usiku kucha, sasa huo usiku tumebuni wenyewe lakini walionana kweli Marekani 1959, na King akakubali kusaidia kijana Mkenya asome huko. Jamaa hakusema kitu, akasukuma tuktuk mpaka mlangoni, akawasha taa zote, tukaendelea. Halafu pesa ya mafuta akakataa! Ati mamake bado humlilia Mboya kila Julai, tangu ile 1969 alipopigwa risasi Nairobi.

Wale watoto wa mbele walikuwa wanamjua kama jina la barabara tu, sasa wanamwona anakohoa, anacheka, anamuuliza King kama yeye pia huogopa wakizima taa. Kitabu cha shule hakiwezi hiyo, mimi nasema tu. Bro, ukiiona hii, Jumamosi tunarudia, njoo na mathe, viti vyenu viko mbele na hamlipi.