Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: mashine zije, ila zianzie pale juu kwenye bolti

Mheshimiwa Waziri, salamu sana.

Mi ni fundi wa kusimamisha fremu za vyuma, kazi zetu nyingi ziko hapa Uganda upande wa Namanve, eneo la viwanda karibu na Kampala, kwenye maghala na viwanda. Nakuandikia juu ya hizi mashine zinazojiendesha kuunga fremu, maana vijana saiti wanaziogopa, mabosi wanazitamani, alafu lile la maana hakuna anayelisema.

La maana ni pale boriti inaponing'inia kwenye kreni. Fundi yuko juu ya nguzo, miguu imebana chuma, mkono mmoja unavuta boriti, mwingine umeshika spana yenye mkia uliochongoka, anauchomeka kwenye tundu mpaka matundu yalingane apitishe bolti. Upepo ukipiga kidogo boriti inacheza, dereva wa kreni hamwoni, mtu wa chini anapiga kelele "shusha! pole pole!" Hapo ndo vidole vinaenda na watu wanaanguka.

Wenzetu walishaliona. Miaka ya 90 kule Japani, kampuni za ujenzi Shimizu na Obayashi zilijenga maghorofa kwa mitambo ya kupandisha nguzo na boriti, na Marekani chuo kikuu cha Lehigh kikabuni kiungio cha umbo la kabari, kreni ikishusha boriti inajikalisha yenyewe kwenye nguzo. Hicho cha Lehigh ndo nakililia mimi, maana hakitaki umeme wala kompyuta, karakana zetu zikipewa mchoro na vipimo vya uhakika zitakiweza. Roboti tukizileta leo zitakwama, tundu likihama milimita chache fundi anajua kulibembeleza, mashine haijui, kwa hiyo usahihi uanze karakanani.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ipo tangu 2006. Naomba chini yake utoe kanuni, boriti isipandishwe kama haina kikalio cha kuibeba kabla bolti haijafungwa. Na mashine zikifika, wa kwanza kufundishwa wawe hawa wanaopanda leo, chuo cha ufundi cha Nakawa kimesaidiwa na Wajapani miaka mingi, ongea na mwenzako wa Elimu hayo mafunzo yaanzie pale.

Alafu wakaguzi wako wakija saiti wasiishie kuhesabu helmeti getini, wamuulize injinia hii boriti itakaa juu ya nini kabla mtu hajaigusa, na kama hana jibu wasimamishe kreni.