Mama wa Minara Miwili

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimkumbuke mama yangu, tuliyemzika mwezi uliopita. Alikuwa Mkatoliki wa Minara Miwili, Kanisa la Mtakatifu Yosefu pale Mji Mkongwe, lililojengwa miaka ya 1890. Misa ya asubuhi hakuikosa ila kwa homa. Adhana ya alfajiri ikimalizika, yeye keshajifunga kanga, rozari kiganjani, anatuamsha sote saba kwa kutugonga nyayo.

Lakini majirani wanamkumbuka zaidi kwa sufuria yake. Kila Ramadhani alipika uji wa pilipili manga, akatutuma na mabakuli nyumba hadi nyumba kabla ya magharibi. Ole wako uonje njiani! Krismasi mabakuli yalirudi yamejaa biriani. (La kuku. La mbuzi tulilisubiri Idi.)

Siku ya mazishi WAWATA, akina mama Wakatoliki wenzake, waliimba mpaka sauti zikawakauka. Barazani kwetu, akina bibi wa mtaani, na mabuibui yao, walichambua mchele wa waombolezaji. Mmoja alishika bakuli la mama, la buluu, lenye ufa. Hakutaka kulirudisha. Nimemwachia.

Mwanawe wa tatu,
Unguja