Tramu za Boeing hazikustaafu kwa uzee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimsahihishe mwandishi wenu aliyesema kwamba tramu (treni ndogo za umeme zinazopita mitaani) za Boeing za Boston na San Francisco ziliondolewa barabarani "kwa sababu ya umri". Umri upi? San Francisco ilianza kuzitumia 1979 na ikaiaga ya mwisho Desemba 2001. Miaka 22 kwa tramu bado ni ujana. Hapa Boston, Jumamosi nyingi napanda njia ya Mattapan, na tramu zake ziliundwa 1945 na 1946. Zina rangi ya chungwa, zinalia kengele, zinakatiza katikati ya makaburi ya Cedar Grove, na abiria wala hawainui macho kwenye simu.

Boeing iliingia kwenye tramu kwa njia ya kando. Vita vya Vietnam vilipokuwa vinaelekea ukingoni, kiwanda chake cha helikopta za Chinook karibu na Philadelphia kilianza kupungukiwa kazi. Wakati huohuo serikali kuu ya Marekani, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitoa fedha, ilitaka tramu ya aina moja kwa miji yote. Mkataba ukasainiwa 1973. Mwishowe Boston iliagiza 175 na San Francisco 100.

Ilikuwa nguo moja iliyoshonewa watu wawili wenye vipimo tofauti. San Francisco ilikuwa inajenga vituo vya chini ya ardhi vyenye jukwaa lililoinuka sawa na sakafu ya tramu, kama vile vya mwendokasi Dar es Salaam. Lakini tramu hiyohiyo ikitoka nje, abiria anapanda kutoka kwenye lami. Kwa hiyo zikatengenezwa ngazi zinazoinuka na kushuka zenyewe mlangoni. Pua ya tramu nayo ilikuwa imechongoka, hivyo kwenye jukwaa la juu mlango wa mbele ulibaki mbali na ukingo na haukuweza kutumika. Milango yenyewe ilikuwa na mitambo mingi mno, ikawa inaharibika kila mara. Boston haikuhitaji ngazi za namna hiyo, lakini ilipata bodi ileile, pua ileile na milango ileile.

Boston ikawa na matatizo yake pia. Kwenye kona kali tramu ziliacha reli. Viyoyozi vilifungwa chini ya sakafu, vikavuta vumbi na uchafu wote wa njiani, mpaka baadaye vikahamishiwa juu ya paa. Baadhi ya tramu zikageuzwa ghala la vipuri kabla hata hazijazoeleka kwa abiria. Mwaka 1979 Boeing ilikubali kuilipa Boston dola milioni 40, na Boston ikaruhusiwa kuzikataa tramu 40. San Francisco ikanunua 31 kati ya hizo zilizokataliwa! Zile zilizobaki Boston ziliburuzwa hadi Machi 2007.

Na wale wanaosema kwamba mtengeneza helikopta hawezi kuunda chombo cha reli, nao wamekosea. Boeing hiyohiyo iliiundia Chicago mabehewa 200 ya treni za mjini kati ya 1976 na 1978, yakafanya kazi zaidi ya miaka 35. Chicago haikutaka maajabu. Ilitaka treni inayofanana na zile ambazo mafundi wake walizizoea.

Wala kosa si kuunda tramu ya aina moja kwa miji mingi. Tramu za Mattapan ni za aina iitwayo PCC, nayo ilikusudiwa miji mingi tangu mwanzo. Tofauti ni kwamba wakuu wa kampuni za tramu wenyewe ndio waliounda kamati mwaka 1929, wakajaribu na kurekebisha kwa miaka, na ya kwanza haikubeba abiria mpaka 1936, kule Brooklyn. Hao walikuwa wanatengeneza kitu ambacho wao wenyewe wangekiendesha na kukitia grisi. San Francisco nayo, pale barabara ya Market, inaendesha PCC zilizoundwa miaka ya 1940. Zimerudi mahali ambapo tramu za Boeing, zilizoletwa kuzirithi, hazipo tena.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, neno "umri" lifutwe. Andikeni milango.

Msomaji wenu,
Boston, Massachusetts