Gof Redo haina ziwa, jameni

Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma tangu enzi za kuletwa Marsabit na lori la mbuzi, likifika habari zimeshalala, na sijawahi kuwaandikia. Lakini ile ripoti ya kuambia watu wa Nairobi wachukue wikendi waje Gof Redo, hilo shimo la volkano (ndiyo maana ya gof) hapa kwetu Marsabit, waone "volkano iliyojificha jangwani" imenishinda kunyamazia.

Imejificha wapi? Iko kilomita kama 5 kutoka mjini, pale barabara zinapoachana, moja ya Moyale na moja ya North Horr, hata mtoto wa nasari anaijua. Halafu ati tuko ndani ya Bonde la Ufa. Mlima wetu uko mbali huko mashariki ya hilo bonde, na una mashimo ya milipuko zaidi ya 20 na vilima vya volkano karibu 180, nyinyi mmeona kamoja tu.

Hayo basi, tuseme ni makosa ya haraka. Lakini picha! Picha mliyoweka ni ya Ziwa Paradise, ile gof ya juu msituni ndani ya mbuga, miti kijani na ndovu wanakunywa maji, chini yake mkaandika Gof Redo. Gof Redo ni kavu, ni mawe meusi na miiba na joto, ukiwa na bahati uone tandala au duma. Sasa juzi napita na boda nikakuta gari iko ukingoni, dereva amelala milango wazi, nikachungulia chini nikaona vijana wanatembea kama wamelewa, saa saba mchana, slipas miguuni, na kachupa kamoja ka maji kalikuwa kameisha kitambo. Nikashuka. Msichana mmoja amekaa chini ya mgunga amekataa kuinuka, mwenzake ananionyesha simu, "Ziwa liko upande gani?" Ni picha yenu! Aliyewaokoa si mimi, ni mzee mmoja aliyekuwa na mbuzi wake hapo, akatoa mtungi wake wakanywa wote, wakajimwagia na kichwani, na mzee anaangalia tu, hakusema kitu, mgeni ni mgeni. Hayo ndiyo maji yake ya kutwa nzima, yeye na mjukuu wake. Walipopanda juu wakapiga selfi, wakampungia mkono, wakaenda.

Na kwa vile tumefika kwa maji, mbona hamuandiki hiyo? Bwawa la Badasa lilianzwa zaidi ya miaka kumi iliyopita, likakwama, kila uchaguzi linafufuliwa jukwaani, kura zikihesabiwa linakufa tena. Sisi mjini tunangojea lori la maji kama watu wanangojea mshahara, foleni ya mitungi inaanza kabla ya adhana ya alfajiri, na mwenye lori akiona kuna jua kali anapandisha bei. Mvua zilikataa misimu mitano mfululizo kutoka 2020, watu wakamaliza mifugo, ripota wenu hakuonekana. Sasa lami iko mpaka Moyale, anakuja na kofia kubwa kutafuta "mandhari".

Mimi sisemi wageni wasije. Waje, wachukue kijana wa hapa awaongoze na wamlipe, wavae viatu, washuke asubuhi mapema, na kila mtu abebe maji yake ya kutosha na ya kubakisha.

Nyinyi nanyi mtumeni huyo mpiga picha Februari, saa saba mchana, ashuke Gof Redo na mtungi wa lita 20 umejaa, apige picha sawasawa, halafu aupandishe huo mtungi mpaka kwa mzee bila kuonja. Gharama ya usafiri mkate kwa mshahara wa aliyeandika Bonde la Ufa.

Msomaji wenu,
Marsabit