Nisaini mkopo wa binti yangu, au abaki hapa Lexington?

Ndugu mshauri,

Salaam kutoka Lexington, Kentucky. Mimi ni mzaliwa wa Fizi, Kivu Kusini, na kabla ya kuletwa Marekani nilifundisha shule ya msingi katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Siku hizi napakia mizigo ghalani, mke wangu anasafisha vyumba vya hoteli. Tuna watoto watano. Ninayekuandikia habari zake ni wa kwanza, msichana, anayemaliza sekondari mwezi ujao akiwa na wastani wa 4.0, yaani A tupu kwa miaka minne.

Watu wa kanisani walituambia mtoto mweusi, tena aliyekuja kama mkimbizi, mwenye alama hizo, vyuo vitamgombania. Mambo hayakwenda hivyo. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilivikataza vyuo kutumia rangi ya mwombaji katika kuchagua wanafunzi. Kilichobaki ni mtoto mwenyewe kueleza kwenye insha maisha aliyoyapitia. Binti yangu alieleza. Upande wa fedha, walichotaka kujua ni kipato chetu, na walikiuliza mpaka nikaona haya.

Fomu ya serikali ya kuomba msaada wa fedha za chuo inaitwa FAFSA. Mzazi naye hufungua akaunti yake na kuridhia taarifa zake za kodi zisomwe. (Mimi na mke wangu, kwenye karatasi, tumezaliwa Januari 1 wote wawili, kama watu wengi wa kambini. Tumeshazoea kupongezwa pamoja.) Mwishowe tukapewa namba yetu: sifuri. Maana yake serikali haitegemei familia hii ichangie kitu, na mtoto anapata ruzuku yote ya Pell, dola 7,395 kwa mwaka, isiyorudishwa. Nikashukuru, nikidhani tumemaliza. Kumbe vyuo vingi vya binafsi vina fomu yao, CSS Profile, na hesabu zao wenyewe.

Chuo anachokitaka ni cha binafsi, kiko mbali, kaskazini. Gharama za mwaka mmoja, ada, chumba, chakula na vitabu, ni dola 84,000. Chuo kinampa 61,000 bure. Weka Pell, weka dola 2,500 za kazi ndogo atakayofanya hapo chuoni, weka mkopo wa mwanafunzi wa 5,500, zinabaki 7,605. Hizo nazo barua imezipanga kwenye orodha ile ile ya msaada, mstari wa mwisho, kwa jina la Parent PLUS, na chini yake wakaandika kwamba salio ni sifuri. Mke wangu aliuliza msaada gani huu unaodai riba. Ni mkopo wa mzazi, ndugu yangu, unaobaki shingoni mwangu hata mtoto akipata kazi nzuri. Riba yake inakaribia asilimia 9 na inaanza kuhesabiwa fedha zikitoka tu, na kabla hazijafika chuoni wanakata zaidi ya asilimia 4. Kwa miaka minne ni zaidi ya dola 30,000, riba bado.

Deni nalijua. Wengi hawafahamu kwamba mkimbizi anayeletwa huku husafiri kwa tiketi ya mkopo, kupitia IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji. Mkopo ule hauna riba, na bado tuliulipa kwa miaka, kidogo kidogo, tukamaliza mwaka juzi. Siku hiyo mke wangu alipika migebuka aliyokuwa ameitunza kwenye friza tangu Krismasi.

Utaniuliza kwa nini asisome karibu. Chuo cha Berea hakifiki saa moja kwa gari kutoka hapa, na hakijamtoza mwanafunzi ada tangu 1892. Kila mwanafunzi anafanya kazi angalau saa 10 kwa wiki. Kilianzishwa 1855 na watu waliopinga utumwa, na Carter G. Woodson, mwanahistoria wa watu weusi, alihitimu pale 1903. Mimi kilinivutia sana. Yeye hakuomba hata nafasi, kwa sababu anataka uhandisi wa ujenzi na Berea haina. Nimemlea kwa hadithi za barabara ya Uvira hadi Baraka na madaraja yanayokwenda na mvua, basi nitamlaumu nani?

Chuo kikuu cha jimbo, hapa hapa mjini, uhandisi kinao na kimempokea. Kuna pia KEES, ufadhili wa jimbo la Kentucky unaotolewa kwa alama za sekondari: kwa wastani wake anapata dola 2,000 kila mwaka akiwa chuoni, mradi asome ndani ya jimbo. (Fedha hizo zinatoka kwenye bahati nasibu, mchungaji wetu asisome hapa.) Ukijumlisha Pell na ruzuku nyingine ya jimbo, ada inalipika, naye analala nyumbani.

Kwa hesabu, jibu ni hilo. Lakini nyumbani kwetu yeye ndiye mkalimani. Mama yake akienda hospitali, yeye. Mwalimu wa mdogo wake akipiga simu, yeye. Bima, kodi ya nyumba, barua za uhamiaji za majirani wawili, yeye. Mwaka huu ameandika insha zake usiku, baada ya saa 5, nyumba ikishalala. Mama yake anasema abaki kwa sababu ya gharama. Namfahamu mke wangu, gharama ni nusu ya sababu. Akibaki atasoma, sikatai, lakini uhandisi nasikia hauendi na usingizi wa saa nne.

Kuna kijana wa kwaya aliye mwaka wa tatu chuoni. Ananiambia niiandikie ofisi ya misaada ya fedha ya kile chuo cha kaskazini, niombe wapige hesabu upya, kwa sababu kodi waliyoisoma ni ya mwaka niliokuwa nafanya saa nyingi za ziada. Anasema sheria inawaruhusu kubadilisha kipato kikishuka, na watu huomba kila mwaka bila ugomvi. Kwetu mtu akikupa mbuzi humrudii kesho yake kumwambia mbuzi ni mdogo. Je, kweli hawatachukia wakapunguza hata hizo 61,000? Tena kanisa linataka kutuchangia dola 2,000, na kijana huyo huyo anaonya kwamba vyuo vingine hupunguza ruzuku yao mwanafunzi akipata ufadhili kutoka nje. Mchango wa kanisa kwa baba unahesabiwa humo?

Na kuna jambo ambalo sijamwambia hata huyo kijana. Tangu mgongo uniume, Novemba, saa zangu ghalani zimekatwa karibu nusu. Mke wangu anajua, watoto hawajui. Asubuhi naondoka saa ile ile ya siku zote. Barua ya kuomba hesabu mpya inahitaji karatasi zangu za mshahara na maelezo kwa Kiingereza, na barua zote za nyumba hii anaziandika binti yangu. Akiziona karatasi hizo atasema anabaki Lexington na kutafuta kazi ya usiku, namjua. Nisipoziambatanisha, sina hoja ya kuwapa.

Nimwambie, au nitafute mtu wa nje aniandikie? Mtu huyo nimpate wapi, asiyetoka kanisani kwetu? Chuo kinataka jibu kufikia Mei 1.

Baba wa watoto watano,
Lexington, Kentucky