Salamu za Mfunguo Mosi kutoka Mji wa Kale, Mombasa

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu, jamaa na majirani, mlio karibu na mlio mbali. Mwezi umeandama, saumu tumeikamilisha, na sasa twamwomba Mola aitakabali yetu na yenu. Idd Mubarak.

Mlio ng'ambo mtakuwa mmeikumbuka Ramadhani ya huku. Mchana Ndia Kuu hupoa, alasiri Marikiti haipitiki kwa watu wanaogombania nazi, mihogo na ndizi za kupika, na baada ya tarawehe ndipo mji huamka: viazi karai, kahawa chungu, barazani hapakosi mjadala. Na sahani za futari bado huvuka kutoka nyumba hadi nyumba, wala hairudi sahani tupu. Jirani yetu Mkristo wa ghorofa ya juu alituletea muhogo wa nazi akiwa mwenyewe yumo katika Kwaresima. Jioni nyingi mlango wake na wetu ilikuwa kama mlango mmoja. Yeye bado yu safarini kuelekea Pasaka. Twamtakia afike salama.

Nataka niseme kidogo juu ya fitri, zaka ya chakula wapewayo maskini Ramadhani ikiisha, kwa sababu ndiyo iliyonikaa rohoni mwezi mzima.

Mwajua kwamba fitri ni pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, vibaba vinne, na wengi wetu huhesabu kilo 2.5 hadi 3 za mchele. Mkubwa ana yake, mdogo ana yake. Na ina wakati wake: ikitolewa kabla ya sala ya Idi ni zaka, ikichelewa mpaka watu wamesali, ni sadaka kama sadaka nyingine. Shangazi yangu hupima ya nyumba nzima mwenyewe, hamwachii mtu. Hutandika mkeka ukumbini, hujaza kibaba mpaka mchele umwagike pembeni, wala haupangusi. Kisha hufunga mifuko, na mifuko huondoka baada ya isha, giza limeshika, mtoto mmoja huku na mwingine kule. Mwaka huu nilimwuliza mbona usiku. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Mwanangu, huu si mchele wangu nampa. Ni wake, nampelekea. Sasa nimpigie tarumbeta kwa kilicho chake?"

Mwezi huohuo tumeona na magari yenye picha za wanaotaka kura yakimwaga mchele, tende na unga mitaani. Foleni ndefu juani, watu wamefunga, na mama mtu mzima anaambiwa auinue mfuko juu zaidi ili uso wa mheshimiwa utokee vizuri kwenye picha. Uchaguzi ni Agosti 2027, kwa hiyo mifuko itazidi. Sisemi watu wasipokee. Mwenye njaa hahitaji hotuba yangu. Lakini iliniuma kumwona mama yule, na bado inaniuma.

Maana kuna vitu vingi tunavyopewa kama hisani na kumbe ni vyetu. Maji, kwa mfano. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kimeandika kwamba kila mtu ana haki ya kupata maji safi, salama na ya kutosha. Bomba limetandazwa kutoka chemchemi za Mzima kuja kisiwani tangu enzi za Mwingereza, na hadi leo kuna mitaa ya Mombasa ambako mama wa nyumba husikiliza mkokoteni wa mitungi kuliko anavyosikiliza mfereji wake. Na ardhi je? Mtu amezaliwa mahali, wazee wake wamezikwa hapo hapo, na bado aitwa skwota. Mwanasiasa akija na hati mkononi tunampigia vigelegele kama kwamba ameitoa mfukoni mwake. Natamani viongozi wetu wangepitia mkekani kwa shangazi kabla hawajapanda jukwaani.

Mji huu haukuzoea kunyamaza. Malenga Muyaka bin Haji, enzi za Wamazrui waliotawala Mombasa, aliwajibu watu wa Unguja kwa beti wakati Sayyid Said, sultani wa Omani na Unguja, anautaka mji, na aliishi mpaka akauona utawala wa Wamazrui ukianguka 1837. Husemwa kwamba ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Nionavyo mimi, aliusindikiza tu, kwani hapa kwetu msikiti na soko vimetenganishwa na hatua chache, na mtu atokaye kusali ndiye huyohuyo aendaye kulalamikia bei. Halafu akaja Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa wa miaka 22, aliyeandika waraka mwaka 1968 akiuliza Kenya twendapi. Mwaka uliofuata alifungwa, akakaa miaka 3, na katika upweke wa jela akatunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Juni 2024 vijana walipoingia barabarani kupinga mswada wa fedha, hapa Mombasa pia, baadhi ya wazee waliuliza watoto hawa wameyatoa wapi haya. Wameyatoa hapa hapa, wazee wangu.

Hofu yangu ni kwa malenga na waimbaji wetu wa sasa. Msimu wa kampeni ni msimu wa mavuno kwao, na ninajua kodi ya nyumba hailipwi kwa vina. Lakini mwenye kipaji cha kusema akishakodishwa kusifu, nani atamsemea yule mama wa kwenye foleni? Tungeni hata wimbo mmoja, hata ubeti mmoja, unaouliza mchele ule umenunuliwa kwa pesa za nani. Nitakuwa wa kwanza kuukariri.

Basi leo tuvae, tutiane manukato, watoto wapite nyumba kwa nyumba wakidai mkono wa Idi, na msiwape maneno, wapeni. Salamu maalumu kwa wagonjwa waliolazwa, kwa wauguzi walio zamu, kwa mabaharia, kwa wafungwa wa Shimo la Tewa na jamaa zao, na kwa kila nyumba iliyoanza Ramadhani na mtu wake ikaimaliza bila yeye. Mola awarehemu waliotangulia. Niliyemkosea anisamehe, aliyenikosea nimekwisha kumsamehe.

Wenye nia ya kufunga Sita, zile siku sita za Mfunguo Mosi, Mola awape nguvu. Wengine njooni Kibokoni baada ya adhuhuri, biriani ipo, na shangazi amesema hataki kusikia kwamba mtu alipita mlangoni akaona haya kuingia.