Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa kwanza bila mamluki

Wazee wetu waanzilishi shikamooni, wanachama wenzangu salaam, wadogo zetu mlioko chuoni poleni na masomo. Hii ndo taarifa yangu ya mwaka kuhusu timu yetu ya mpira wa miguu ya chuo, nimeiandika kama ninavyoongea maana zile za kiofisi najua hamsomagi.

Naanza na matokeo ili tusizungushane. Mashindano ya vyuo ya kanda tumetolewa kwenye makundi. Mechi ya kwanza tulikula sita bila, ya pili tatu moja, ya mwisho tukatoa sare ya moja moja. Mliokuwepo mnajua ile sita haikuwa bahati mbaya wala refa, tulizidiwa kila idara. Ila naomba mwangalie na majina yaliyocheza. Wote ni wanafunzi wetu, wana namba za usajili, wanalala hosteli au wamepanga mtaani, wanafanya mitihani kama wenzao. Hiyo haijatokea muda mrefu sana na kila mtu humu anajua kwa nini.

Tuongee tu kuhusu mamluki, yaani wachezaji wa kukodi wasio wanafunzi, hakuna haja ya kufichana. Miaka na miaka timu ya chuo ilikuwa straika wa ndondo, mechi za mtaani, kutoka mjini, fulbeki dereva boda, na kipa aliyemaliza chuo kitambo hadi ana watoto wawili. Wiki ya mashindano wanaitwa, wanapewa nauli na posho, vitambulisho vinapikwa steshenari, tunashinda mechi mbili tunapiga picha. Halafu siku ya ukaguzi picha na orodha ya chuo haziendani, tunanyang'anywa pointi. Lakini pointi sio hasara kubwa, hasara kubwa ni yule dogo wa mwaka wa kwanza mwenye mguu wa kushoto mtamu aliyefanya mazoezi muhula mzima kwenye matope, siku ya mechi anavua jezi anampa mtu hamjui. Huyo harudi tena. Na mwaka ujao mkitaka timu mnabaki kutafuta mamluki wengine, kwa hiyo timu haikufa siku moja, ilikuwa inakufa kila msimu.

Kwenye mkutano mkuu uliopita mlipitisha kwamba hela ya chama haitolewi kwa mchezaji asiye mwanafunzi, na mimi nimesimamia hilo hata pale nilipopigiwa simu usiku na watu wazima kabisa wakinibembeleza "mwenyekiti mmoja tu, namba tisa tu". Hapana.

Sasa ugumu wa chuo kidogo kama chetu hapa Iringa ni kwamba mchezaji ukimpata unakaa nae miaka miwili au mitatu basi, na mwaka wa mwisho nusu yake yuko fildi, mafunzo kwa vitendo nje ya chuo. Kwa hiyo usipoingiza wapya kila mwaka umekwisha. Mwaka huu kapteni alifanya kitu ambacho mimi nimekipenda kuliko vyote, siku za usajili alikaa pembeni ya foleni ya ada na daftari, watoto wanashuka na magodoro na ndoo zao, yeye anauliza kila mmoja unatokea wapi na unacheza namba ngapi. Dogo mmoja kutoka Makete, mfupi kweli, akajibu namba nne. Watu wakacheka. Saa hizi ndo beki wetu wa kati, anaruka kabla ya mpira kufika na hajapata kadi hata moja.

Masomo nayo. Huko nyuma tulikuwa tunapoteza wachezaji kwa sapu, mitihani ya kurudia, kuliko kwa majeruhi, na straika mmoja mnamkumbuka kabisa alidisko, yaani aliondolewa chuo kwa kufeli, katikati ya msimu. Kocha na mwalimu wa michezo wamekubaliana kwamba siku mbili kwa wiki baada ya mazoezi kuna diskasheni, wa mwaka wa pili wanawafundisha wa kwanza, na anayekosa diskasheni mbili anakaa benchi hata awe nani. Wapo wanachama waliolalamika kwamba hii ni timu ya mpira sio tuisheni, mimi nasema aliyedisko hafungi magoli.

Kuhusu majeruhi, tumeanza ile programu ya kupasha ya FIFA 11+. Ni mazoezi 15, yanachukua kama dakika 20, hayataki kifaa zaidi ya koni na mpira, na tafiti zinaonyesha timu inayoyafanya angalau mara mbili kwa wiki majeruhi yanapungua kwa asilimia 30 mpaka 50. Vijana mwanzoni waliyaona ya kitoto, hasa lile la kupiga magoti mwenzio akakushika vifundo vya miguu halafu unajiachia mbele taratibu bila kukunja kiuno mpaka misuli ya nyuma ya paja inaita mama. Hawalicheki tena.

Kuna waliopendekeza kwenye grupu tuvunje timu tubaki na netiboli, maana dada zetu wanafanya vizuri (na kweli wanafanya vizuri, wapeni jezi mpya jamani). Nawajibu kwa hadithi aliyotuletea mwanachama wetu aliyeko Houston. Jirani nae huko Texas kuna chuo kinaitwa Prairie View A&M, kina timu ya ule mpira wao Wamarekani wa kubeba mikononi. Kile chuo kilipoteza mechi 80 mfululizo, kuanzia 1989 mpaka 1998, na katikati hapo 1990 msimu mzima ulifutwa kwa mambo ya hela. Hawakufuta timu. 1998 wakakifunga chuo cha Langston 14 kwa 12, na 2009 wakachukua ubingwa wa ligi yao ya SWAC, wa kwanza tangu 1964. Sisi kipigo kimoja tu cha sita bila mtu anataka tufunge geti.

Uwanja: goli la upande wa bwenini mtambaa wa panya ulikuwa umelala katikati, kipimo ni mita 2.44 lakini pale kati kipa anaugusa bila kuruka. Fundi ameshauweka sawa kwa bomba jipya. Nyavu bado.

Hela ndo mtihani. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 serikali imeanza kuwakopesha na wa diploma wa fani za kipaumbele, kwa hiyo wachache wanapata bumu, hela ya mkopo, lakini wengi njumu wanaazimana, mmoja akitoka mwingine anavaa zikiwa bado za moto. Tunachoomba mwaka huu sio jezi, jezi zipo. Tunaomba njumu zenu za zamani namba 40 mpaka 44 hata kama zimechanika pembeni, fundi viatu pale stendi anashona, na ada ya uanachama kwa wale ambao mweka hazina akiwapigia mnasema mko kwenye kikao.

Dada mweka hazina atasoma mahesabu baada yangu, maswali ya posho za safari muulizeni yeye, risiti zote anazo.